Pima Kabla ya Kushutumu



Tangu 1982, laini ya umeme yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi huleta nguvu za mto kutoka Inga hadi Kolwezi, kwa ajili ya migodi. Nyumba ya uzazi iliyo jirani nami hapa Musumba haionji umeme huo. Akina mama hujifungua usiku kwa taa za betri nne za volti 6, zilizofungwa kwa mfululizo kufikia volti 24 na kujazwa kwa jua. Ni betri za aina ileile inayosukuma vigari vya viwanja vya golfu.

Mwaka jana taa zilianza kuzimika mapema. Neno likaenea kwamba kijana mlinzi anajazia watu simu kwa malipo. Wengine walitaka afukuzwe. Wengine walitaka betri zote zinunuliwe upya kwa michango.

Niliomba kwanza tufanye hesabu. Simu moja hula takriban wati-saa 15; betri zile nne, zikiwa nzima, hubeba 4,800. Hata simu ishirini zisingezima taa.

Kisha tukaazima kipimo cha volti. Zikiwa zimejazwa na kupumzishwa, kila betri ilionyesha volti 6.3. Tukawasha taa zote, tukapima tena: tatu zilibaki juu ya 6, ya nne ikaporomoka hadi 4. Betri mbovu huweza kuonekana nzima ikipumzika. Mzigo ndio huifichua. Na kwa kuwa mkondo mmoja hupita katika zote, moja dhaifu huangusha nguvu ya zote. Tulipofungua vifuniko vyake, tulikuta chumba kimoja kimekauka maji na sahani za risasi ziko wazi.

Betri moja ilibadilishwa, vichwa vya nyingine vikasafishwa na kukazwa. Sasa maji safi yasiyo na chumvi huangaliwa kila mwezi, na taa hudumu hadi alfajiri.

Kijana yule bado ni mlinzi, lakini si wote waliomshutumu waliomwomba radhi, na hupita mbali na nyumba zao. Basi, kitu kikipotea au kikiharibika katika kikundi chenu, kabla jina la mtu halijatajwa, ulizeni: ni nini kimepimwa, na mbele ya nani?