Midomo inapoachana na sauti

Ni jamaa ngapi hapa kwetu wanaochunga sauti ya mama marehemu katika telefone tu? Kijana anakata ile video katika ordinatere, watu waione kwenye kilio. Mwanzo iko sawa, lakini kisha dakika 10 midomo inaachana na sauti. Wengine wanasema mashine imekufa. Hapana! Telefone nyingi hazichukui picha kwa mwendo mmoja: penye mwanga ni 30 kwa sekunde, penye giza zingine zinashuka mpaka 24. Programu fulani za kukata zinahesabu sawa vile mwendo ni ule ule. Basi, mbele ya kukata, pitisha video katika HandBrake, programu ya bure, uchague mwendo usiobadilika.

Na uzito? Saa moja, kwa biti milioni 2 kila sekunde, ni mega 900 hivi. Punguza mara moja tu, mwishoni, juu kila kupunguza kunakula picha. WhatsApp nayo inapunguza. Afazali kutuma kama dokima. Na ile ya kwanza, kijana wangu, usiifute hata telefone ikijaa.