Mwanza, jiji ambalo mawe yake hupamba picha za familia

Mgeni anayeingia Mwanza kwa mara ya kwanza huyashangaa mawe hata kabla hajaliona ziwa. Yapo juu ya vilima, yapo katikati ya nyumba za watu, na mengine yamesimama majini. Ni mawe ya graniti yaliyoganda chini ya ardhi zamani sana. Udongo uliokuwa juu yake ulimomonyoka, jua na mvua vikayapasua na kuyalainisha kingo, hadi yakabaki yamebebana kama mizigo.

Kwa familia inayopita hapa likizo, mawe haya ni zaidi ya mandhari. Ni studio ya bure.

Wengi wetu tumekua na picha za studio: pazia lililochorwa bustani, maua ya plastiki mezani na mtoto aliyesimamishwa wima kama askari. Anaambiwa acheke, naye anatoa meno tu. Shida yake kubwa ni mikono, maana hajui aipeleke wapi. Kwenye mawe shida hiyo huisha. Mwambie aegemee, akae, au achungulie kwenye upenyo kati ya mawe mawili. Akishapata kazi ya kufanya, anasahau kuwa anapigwa picha, na hapo ndipo sura yake halisi inapotokea.

Wapi pa kwenda

Jiwe maarufu kuliko yote ni la Bismarck, lililopewa jina la Chansela wa Ujerumani enzi za ukoloni. Limesimama majini karibu kabisa na ufukwe, hivyo hakuna haja ya kulipanda. Familia ikae nchi kavu, jiwe liwe nyuma yao.

Kutoka hapo si mbali kufika Capri Point, ambako utayaona mawe, miti na ziwa kwa pamoja. Mwenye nafasi avuke kwa boti hadi Saanane, kisiwa kidogo kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Huko kuna pimbi na mijusi wa mawe, madume yao yakiwa na kichwa chekundu na mwili wa buluu. Mtoto anayemtazama mjusi hahitaji kuambiwa afanye nini mbele ya kamera.

Ukikuta mtumbwi umeegeshwa na ukaona unafaa kwa picha, mwombe mwenyewe kwanza. Kwako ni pambo, kwake ni riziki.

Saa na mavazi

Epuka jua la mchana. Linapokuwa utosini, macho huwa mashimo meusi na mawe hung'aa kupita uso wa mtu. Mwanza ipo karibu na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huzama karibu na saa moja jioni. Anza saa kumi na moja. Muda huo mwanga umelegea na mawe ya kijivu huanza kuwa na rangi ya dhahabu.

Jua likiwa nyuma ya familia, gusa uso wa mmoja wao kwenye skrini ya simu ili mwanga urekebishwe, la sivyo utapata vivuli vyeusi. Piga picha ukiwa umechuchumaa, simu iwe usawa wa macho ya mtoto. Kuhusu nguo, kijivu na kahawia humezwa na mawe. Kitenge chekundu, njano au bluu iliyokolea huonekana vizuri.

Kama mmeongozana na bibi au babu, msimpandishe popote. Tafuteni jiwe fupi, mtandike khanga, akae yeye kwanza. Wajukuu wamzunguke, wengine wakae chini miguuni pake. Picha ya namna hiyo ndiyo itakayotafutwa na ukoo mzima siku moja.

Usalama kwanza

Hakuna picha yenye thamani ya kumpoteza mtoto. Mawe yaliyo karibu na maji huota ukoga na huteleza hata kwa mtu mzima. Mtoto asipande jiwe ambalo mzazi hawezi kumfikia kwa mkono. Mpiga picha macho yake yapo kwenye simu, kwa hiyo awepo mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuwaangalia watoto tu.

Msiwasimamishe watoto ziwani kwa ajili ya picha. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani huishi konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtoto kuhisi chochote.

Mkiwa wakazi wa Mwanza au mnaofika mara kwa mara, chagueni jiwe moja liwe lenu, mpige picha hapohapo kila mwaka. Jiwe halikui. Mtoto ambaye mwaka huu linamfika kifuani, baada ya miaka michache litakuwa kiunoni, na hamtahitaji kubishana nani amerefuka.

Mkirudi nyumbani, chagueni picha mbili au tatu mkazisafishe na kuziweka kwenye albamu. Simu huibwa, huanguka majini, hujaa na kufutwa. Albamu iliyo kabatini itamsubiri mjukuu ambaye hajazaliwa.