Mpira, Hoja na Mkeka

Wazazi wengi wa huku pwani walio na vijana Nairobi hutuletea shtaka moja: mwana hapigi simu, na akipiga hana la kusema ila mpira. Mwishoni mwa Agosti tulikwenda Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabati ulio ubavuni mwa viwanda vya Nairobi, kuwazuru baadhi ya vijana hao wafanyao vibarua huko. Tumerudi na maoni ambayo huenda yasiwapendeze wote. Mazungumzo ya mpira hayatutii hofu. Kinachotutia hofu kimekaa benchi moja nayo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tarehe 30. Jumatano iliyotangulia Manchester United ilikuwa imetolewa katika Kombe la Ligi na Grimsby Town, timu ya daraja la nne, kwa penalti 12 kwa 11. Kabla ya hapo ilifungwa nyumbani na Arsenal bao moja, kisha ikatoka sare na Fulham, nahodha wao Bruno Fernandes akikosa penalti. Yote haya yamekuja juu ya msimu uliopita, walipomaliza nafasi ya 15 na kushindwa na Tottenham katika fainali ya Ulaya kule Bilbao. Watu waliokaa nje ya kibanda cha video, wakingojea mechi ya Burnley ya saa kumi na moja jioni, walikuwa kama wafiwa siku ya tatu: kilio kimekwisha, sasa yatafutwa sababu.

Kijana mmoja alipanga vifuniko vya soda juu ya benchi. Watatu nyuma, wawili wa pembeni wa kupanda na kushuka, viungo wawili tu katikati. "Tazama, Ustadh," akatuambia, "timu ikija na viungo watatu, hawa wetu wawili wanazidiwa hesabu. Bruno anarudishwa nyuma kuziba pengo, na yeye ndiye wa kutoa pasi ya mwisho. Nani atatoa?" Mwenzake akamjibu kwamba mfumo huo huo ulimpa kocha Ruben Amorim ubingwa wa Ureno mara mbili akiwa na Sporting ya Lisbon, mwaka 2021 na 2024, basi kasoro haiko katika mfumo, iko katika wachezaji. Wa kwanza akauliza kama Grimsby nao wana wachezaji kuliko Cunha, Mbeumo na Sesko walionunuliwa msimu huu kwa mamilioni. Mtu mzima mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, akasema mwalimu ambaye darasa zima limefeli hana budi kulitazama somo lake. Na mwingine: "Huyu Ruben si wa kwetu. Ruben wa kwetu angesikia." Wote wakacheka, hata sisi.

Tulisikiliza kwa muda mrefu, nasi tukakumbuka munadhara tuliofundishwa chuoni. Mwenye dai alete ushahidi. Mpinzani airejee hoja ya mwenzake kama ilivyosemwa, ndipo aivunje. Asimguse mtu katika nasaba yake. Benchini pale walikuwapo Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakisii na watoto wetu wa kipwani, Waislamu na Wakristo, na hatukusikia kabila la mtu likitajwa. Katika mji ambao hoja ya siasa huanza kwa jina la ukoo, hilo si dogo. Tunajua wapo masheikh wenzetu waiitao hiyo laghwi, nasi twawaheshimu, lakini hapa hatuafikiani nao. Mtu abebaye mizigo siku sita haulizwi na yeyote ana maoni gani juu ya jambo lolote. Pale anaulizwa, na akisema upuzi anarudishwa.

Jambo moja lilitushangaza. Jioni hiyo hiyo, Kasarani, katika mji ule ule, Morocco ilikuwa ikicheza na Madagascar fainali ya CHAN. Na ni Morocco hiyo iliyofungwa na Harambee Stars katika makundi. Benchini haikutajwa. Tulipouliza, yule wa vifuniko, aliyekumbuka jinsi Madagascar walivyotutoa kwa penalti, alisema tu, "Ile inauma zaidi, Ustadh."

Ilipokaribia saa kumi na mbili na nusu mechi ilikuwa mabao mawili kwa mawili, Burnley wakiwa wamesawazisha mara mbili. Adhana ya Magharibi ikalia, tukaondoka na wachache. Tuliporejea zilikuwa dakika za nyongeza, na katika dakika ya 97 Bruno akafunga penalti. Kibanda kikalipuka. Kijana mmoja mwenye jezi nyekundu aliinama akashika kichwa. Tukadhani ni shukurani. La, alikuwa ameweka sare, na mkeka wake, kama wauitavyo, umechanika. "Mia nane, Ustadh, na kodi ya nyumba ni Jumatatu."

Huyo tulikuwa tumemwona tangu alasiri. Hakunena neno wakati wa vifuniko. Alishika simu tu, pamoja na wengine watatu. Mwenye fedha katika matokeo hana haja ya hoja. Aya ya 90 ya Sura Al-Maida imeiweka kamari pamoja na pombe, na ifuatayo yaeleza sababu: uadui, chuki, na kuzuiliwa na dhikri na sala. Tumeisomesha miaka mingi. Kibandani tuliona na hasara nyingine: kijana ameipenda timu tangu utotoni, akafikishwa mahali pa kuiombea isishinde. Mwezi wa Aprili serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku 30 zimepita, na simu ya kijana huyu haijawahi kusimama.

Basi mzazi, mwanao akikupigia usimwulize ameacha lini mpira. Mwulize: watatu nyuma, au wanne? Akikueleza robo saa, mwache aeleze, hata kama huelewi kitu. Akikujibu kwa neno moja na kutaka umtumie fedha, hapo uliza zaidi.

Liko na suala la sala, ambalo vijana wenyewe walituletea. Mwishoni mwa Oktoba saa za Uingereza hurudi nyuma, na mechi za saa kumi na moja huanza saa kumi na mbili jioni. Magharibi huingia katika kipindi cha kwanza, na mapumziko hufika wakati wake ungalipo. Wasiokwenda msikitini mwanzo wa wakati tumewahimiza wasivuke mapumziko. Mwenye kibanda, ndugu Mkristo, tulimwomba apunguze sauti adhana ikilia. Alituambia: "Nitapunguza, Sheikh. Lakini bao likiingia, hao watu siwezi kuwapunguza."