Binti Yangu na Lugha ya Njoro

Nilipomzuru binti yangu Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, karibu na Nakuru, nilikuwa na hofu moyoni kwamba ugeni ungembadilisha. Chuo kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Baridi yake hatuijui sisi wa pwani. Sokoni nikamsikia akimwamkia muuza viazi, "Wĩ mwega, cũcũ?" Wakapatana bei kwa Kikuyu, nami nimesimama kama bubu. Hakufunzwa darasani, amejifunzia kwenye matatu, ambamo Inooro FM hainyamazi, na kwa vichekesho asikilizavyo na wenzake bwenini. Bibi yule akamwongeza viazi viwili. Njiani nikamwomba binti anifunze maamkizi yale. Tulifika Nakuru ulimi wangu ungali unakwama.