Kiherehere Changu na Tarakilishi ya Mama

Ndugu msomaji, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu sikuvunjika, lakini nusura nivunje riziki ya nyumba yetu na kumwongezea mzee mmoja msiba juu ya msiba. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu najua wengi wenu mna kiherehere kama changu, hasa nyinyi mnaojiita mafundi kwa kuwa mnajua kubadilisha mlio wa simu.

Mama yangu ana kibanda cha kuchapisha kando ya steji ya matatu hapa Voi. Anachapa barua, anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, na zaidi ya yote anatengeneza vijitabu vya mazishi. Chombo chake cha kazi ni tarakilishi moja kuukuu. Mwalimu wetu hutaka tuseme tarakilishi, lakini mama na wateja wake wote husema kompyuta. Nitatumia yote mawili ili nisigombane na mtu.

Kompyuta hiyo ilitengenezwa mwaka wa 2012. Mama aliinunua mtumba mwaka wa 2018 kwa shilingi 12,000. Ubavuni ina kibandiko cha Windows 7, ingawa watengenezaji wa Windows 7 waliacha kuishughulikia mnamo Januari 2020, na fundi akaiwekea Windows 10. Kumbukumbu yake ni jigabaiti 4 tu. Ukiiwasha asubuhi unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe, ndipo ifunguke.

Ilikuwa mwezi wa Septemba mwaka wa 2025. Kila nilipoingia kibandani baada ya masomo (sisi wa shule ya kutwa tuna zamu za jioni ambazo wenzetu wa bweni hawazijui), nilikuta ujumbe kwenye skrini. Ulisema kwamba msaada wa Windows 10 ungekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba tangu siku hiyo mashine haingekuwa ikipata viraka vya usalama kama kawaida. Nilimwambia mama, naye akanijibu bila kuinua macho, "Iache hivyo hivyo. Inafanya kazi, sivyo? Tutamwuliza fundi."

Kumwuliza fundi! Moyoni nilijiona mimi ndiye fundi. Nilikuwa nimetazama video moja kwenye simu, jamaa akionyesha jinsi ya kuweka Windows 11 kwenye kompyuta ya zamani kwa kuruka ukaguzi wake. Nikapakua faili la usakinishaji, zaidi ya jigabaiti 5, kwa siku tatu, kwa bando niliyonunua kwa pesa zangu za maandazi. Nikaliweka kwenye flashi, nikangoja siku yangu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Mama alikuwa ameenda kwenye mkutano wa chama cha akina mama, nami nikabaki kufunga kibanda. Saa moja jioni nikaanza. Mashine ikakagua, ikaniambia waziwazi kwamba haitimizi masharti. Nikafanya nilichofundishwa na ile video, nikaupita ujumbe ule kama mtu apitaye ombaomba njiani. Ikaniuliza kama nakubali, nikabonyeza. Ikaniuliza tena, nikabonyeza tena. Sikusoma hata neno moja. Asilimia zikaanza kupanda: kumi, thelathini, hamsini. Nilikaa kwenye kiti cha mama nikizunguka kama mkurugenzi.

Ilipofika asilimia 68, stima zikapotea.

La haula! Mtaa mzima ulikuwa giza totoro. Kibandani hakuna betri ya akiba, kwa hivyo tarakilishi ilizimika papo hapo. Stima ziliporudi baada ya dakika ishirini hivi, niliiwasha mikono ikitetemeka. Vidoti vikazunguka, vikazunguka, kisha skrini ikawa buluu. Ikajizima, ikajiwasha, buluu tena. Mara ya tatu ikaandika kwamba inatayarisha ukarabati. Nikashusha pumzi. Kumbe wapi! Ikasema imeshindwa kujikarabati. Nikajaribu kuirudisha kwenye mfumo wa awali, ikakataa. Nikajaribu ile njia ya usalama, ambayo huwasha vitu vya lazima pekee, ikakataa pia. Kijasho chembamba kilinitoka.

Mwishowe ikabaki njia moja kwenye orodha: kuanza upya kabisa. Nikaichagua. Ikanipa vitufe viwili, na kimoja kilisema "Ondoa kila kitu." Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kipanya. Sijui ni malaika gani aliyenishika mkono, lakini hayo yalikuwa maneno ya kwanza niliyoyasoma polepole usiku huo. Kila kitu ni kipi? Nikakumbuka.

Wiki hiyo mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amefiwa na mkewe. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Mzee hakuja na karatasi yoyote iliyoandikwa. Alikuja jioni mbili mfululizo, akakaa kwenye ile stuli ya wateja, akasimulia, na mama akachapa. Alisimulia jinsi alivyomwona bibi huyo kwa mara ya kwanza katika stesheni ya garimoshi ya Voi mwaka wa 1968, amebeba kikapu cha mayai, na jinsi yalivyovunjika mayai mawili naye akajitolea kuyalipa. Alisimulia watoto waliozaliwa na watoto waliokufa. Maneno hayo yote yalikuwa ndani ya mashine ile, wala hayakuwa mahali pengine popote duniani. Mama hakuwa ameweka nakala. Nami nilijua hana desturi hiyo.

Nikaizima mashine bila kubonyeza chochote, nikafunga kibanda. Nyumbani mama aliniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikajibu, "Sawa mama." Uongo huo ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Chakula hakikupita.

Alhamisi shuleni nilikuwa mwili bila roho. Mwalimu wa hesabu aliniita mara mbili nisimsikie, darasa zima likacheka. Kengele ya saa kumi ilipolia nilikimbia hadi kibandani nikikusudia kujaribu tena kimyakimya. Nilichelewa. Mzee alikuwa amekaa pale pale kwenye stuli, kofia mapajani, na mama amesimama mbele yake kama mtoto aliyekosa.

"Ni hizi stima, baba," mama alikuwa akisema. "Jana zilipotea, nafikiri zimeiunguza. Nisamehe sana. Nitakurudishia ile elfu tatu yako."

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Si neno, mwanangu. Pesa si kitu. Chukua kalamu, nitakusimulia tena." Akakohoa, akaanza. "Mwaka wa 1968, pale stesheni..." Alipofika kwenye kikapu sauti ikamkatika. Akajaribu tena kutoka mwanzo, ikakatika palepale. Akatoa leso.

Ndugu msomaji, sijawahi kujiona mdogo kama siku ile. Nikajikuta nimepiga magoti sakafuni na sare zangu za shule. "Mama, si stima peke yake. Ni mimi. Babu, ni mimi." Nikaeleza yote, hata ile video, hata ile "Sawa mama" ya usiku. Nilingoja kofi. Mama alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema maneno mawili tu, "Mwite fundi."

Fundi alikuja na begi lake la mgongoni. Kabla ya kugusa mashine alinikalisha.

"Nieleze kwa mpangilio. Ulibonyeza nini, na yenyewe ikasema nini?"

"Ilisema haifai kuwekwa Windows 11."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikaruka."

"Ukaruka!" Akacheka kwa uchungu. "Umefomati? Umebonyeza ile ya kuondoa vitu?"

"La, hiyo sikubonyeza."

"Basi tuna bahati. Kwanza tuokoe mali, kisha ndio tutibu mgonjwa. Wengi huanza na kutibu, wakamaliza na kuzika."

Akachomeka flashi yake yenye mfumo mwingine wa bure uitwao Linux, ambao Linus Torvalds wa Ufini aliuanzisha mwaka wa 1991. Alinieleza kwamba mfumo huo unaweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kubadilisha chochote ndani ya diski. Akabonyeza F12 wakati mashine inawaka, akachagua flashi, na baada ya dakika chache tarakilishi ile iliyokuwa maiti ikafungua macho. Akaifungua diski kwa kuisoma tu, bila kuiandikia. Akaingia kwenye folda ya mama. Ilikuwa tupu.

Mama akashika kichwa. Mzee hakusema kitu.

"Ngojeni," fundi akasema. Akarudi nyuma, akafungua folda nyingine iliyoitwa Windows.old. Alieleza kwamba mtu anapoboresha mfumo, ule wa zamani husogezwa humo ili mambo yakiharibika aweze kurudi. Stima zilipopotea, mashine ilikuwa katikati ya kuhama, baadhi ya vyombo vimefika nyumba mpya na vingine vimebaki ya zamani, ndiyo maana haikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Akapekua, akapekua. Humo ndani kulikuwa na faili za mama, na kati yake moja lenye jina BIBI WA STESHENI. Akalifungua. Kikapu cha mayai kilikuwepo, ukurasa wa pili.

Akanakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja akampa mama, nyingine akabaki nayo. Usiku huo huo mama alimalizia kazi kwa jirani yake mwenye duka la huduma za kompyuta, na Ijumaa saa sita mchana vijitabu 200 vilikuwa tayari.

Jumamosi fundi alirudi kuiwekea mashine Windows 10 upya, nami nikawa msaidizi wa kushika bisibisi. Ndipo aliponieleza makosa yangu. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka angalau jigabaiti 4 za kumbukumbu, jigabaiti 64 za diski, kichakataji cha miaka ya karibuni, na kisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta ya mama haina TPM 2.0, kichakataji chake ni kizee, na kumbukumbu yake inagusa kile kima cha chini kabisa. Pili, diski ilikuwa karibu kujaa, na wakati wa kuboresha lazima mfumo wa zamani na mpya vikae pamoja kwa muda. Tatu, nilianza kazi ya saa nzima na zaidi bila betri ya akiba. Aliongeza kwamba watengenezaji wametoa nafasi ya kuendelea kupata viraka vya Windows 10 hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha, na kwamba baada ya hapo mashine kama hiyo inaweza kutumia Linux bila shida.

"Kompyuta haikukudanganya," aliniambia akifunga begi. "Ilikwambia ukweli mapema kabisa. Hukutaka kuusikia."

Maneno hayo nimeyabeba. Mashine ilinionya nikaipuuza. Mama aliniuliza nikamficha. Makosa hayo mawili ni ndugu. Kama ningesema usiku ule ule, mzee hangelazimika kuanza kusimulia tena na kukatikiwa na sauti mbele yetu. Fundi alirudisha faili, lakini jioni ile hawezi kuirudisha.

Sasa kila Ijumaa jioni kazi yangu ni kunakili faili zote za mama katika flashi mbili, moja inalala kibandani na nyingine nyumbani. Wenzangu, kabla ya kugusa mfumo wa tarakilishi yoyote, weka nakala, soma inachokuambia, na umwulize mwenyewe. Na mambo yakiharibika, sema mapema. Mficha maradhi kifo humwumbua, nami nimeyaona kwa macho yangu.

Mzee alinipa kijitabu kimoja. Kiko nyumbani, kwenye sanduku langu la vitabu.