Usalama Si wa Wenye Magwanda Pekee

Nilipoanza kufundisha viongozi chipukizi Mombasa, muda mfupi baada ya Katiba ya 2010, tulifundisha haki za binadamu basi: aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na anayeripoti kituoni adai nambari ya OB, daftari la matukio. Jeshi, ujasusi na mipaka tuliwaachia wenye magwanda. Kati yetu wapenda mageuzi, aliyedadisi mambo hayo alishukiwa ametumwa. Jeshi la Kenya lilipoingia Somalia Oktoba 2011, darasa zima halikujua nani hutoa idhini.

Kisha likaja shambulio la Westgate, likafuata la Mpeketoni, na huku mjini polisi wakavamia misikiti. Vijana wakabanwa kati ya al-Shabaab na askari. Mama aliyeuliza watoto watalindwaje alistahili jibu, wala kumsomea haki zake hakukutosha. Desemba 2014 serikali ilipopeleka Bungeni muswada wa kurekebisha sheria za usalama, ndio ukawa kitabu chetu. Tuliupitia kifungu kwa kifungu: hiki kinazuia nini, nani anamsimamia atakayekitumia? Vingine tuliviona vina maana, tukasema hivyo waziwazi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria iliyotokana na muswada huo, kikiwemo kilichowawekea wakimbizi kikomo cha 150,000, na vijana wakaisoma hukumu ile kama watu waliokwisha kuifikiria.

Tangu hapo somo likageuka. Tukaanza na Ibara ya 238, inayotaka usalama wa taifa ufuatwe kwa kuheshimu sheria na haki. Tukaleta maofisa wastaafu. Nao walibishana na wanafunzi mpaka adhana ya magharibi. Siwezi kumsahau binti wa Lamu aliyeuliza juu ya marufuku ya kuvua usiku. Hakuanza na kilio cha wavuvi, ingawa kwao ni wavuvi. Aliuliza: mashambulizi yamepungua kwa sababu ya marufuku hii? Nani aliyapima? Na mvuvi anayeujua kila mlango wa bahari, mbona hakuulizwa anachokiona huko? Afande aliyekuwa mbele aliandika maswali yale daftarini mwake. Swali kama hilo lina nguvu kuliko maandamano kumi, nami nayaheshimu maandamano.

Januari 2024 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa laweza kutuma majeshi nje ya nchi lakini si polisi, wahitimu wetu waliichambua Ibara ya 240 kwa Kiswahili safi, wengine wakiunga mkono safari ya polisi kwenda Haiti, wengine wakiipinga. Hata hivyo polisi walitua Haiti tarehe 25 Juni, siku ile ile vijana waandamanaji, wenzao wahitimu wetu, walipopigwa risasi nje ya Bunge, Nairobi.

Sheria ya polisi ya 2011 iliweka mamlaka ya polisi katika kila kaunti, chini ya gavana, na ikataja uwakilishi wa vijana. Kiti hicho ndicho wahitimu wetu wanachokidai sasa.