Nilimwambia Karani Watano

Agosti 23, 2022, asubuhi, karani wa sensa alipiga hodi kwetu hapa Mpemba. Kijana mpole, kishikwambi mkononi, vumbi limempanda mpaka kwenye nyusi, maana Agosti huku kwetu ni upepo na vumbi tu. Nikampa kiti, nikampa na chai. Tukaanza: umri, elimu, mnapikia nini, choo cha aina gani. Nilijibu kama mwanafunzi aliyekariri. Halafu akauliza nimezaa watoto wangapi, walio hai na waliofariki.

Nikasema watano, wote hai.

Akabonyeza. Akauliza mengine, akamaliza chai, akaaga. Mimi nikarudi jikoni kuchambua maharage.

Nilizaa sita, ndugu msomaji.

Ilinijia usiku, saa saba hivi, treni ya mizigo ilipopiga honi. Kwa msiotujua (maana ukiwa Dar ukisema unatoka Mpemba, watu wanadhani umevuka bahari kutoka Pemba), sisi tuko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, kabla hujafika Tunduma, pale inapochepuka njia ya Ileje. Reli ya TAZARA nayo inapita huku. Baba yangu alifanya kibarua ilipokuwa inajengwa, kati ya 1970 na 1975, na sisi wanawe tulikua tukiitumia honi yake badala ya saa. Saa yenyewe ilikuwa ya kuchelewa, lakini tulichelewa wote, hakuna aliyelalamika.

Basi honi ilipolia nikasikia kama mtoto anahesabu mabehewa. Tano, sita, saba, tisa. Nikakaa kitandani. Jamani! Bibi!

Tulimwita Bibi kwa sababu alirithi jina la mama yangu. Alikuwa wa pili kuzaliwa, mwaka 1990. Treni ikipita anatoka mbio kwenda kuhesabu, na kila akifika saba anaruka nane. Ukimsahihisha anakasirika kweli kweli: "Nane limeshapita!" Na ukifikiria vizuri, treni ikiwa inakimbia, ni kweli nane limeshapita.

Mwaka 1994 aliumwa homa siku tatu. Ya nne tulimzika pembeni mwa shamba. Picha yake hatuna. Tulikuwa tumepanga kwenda Tunduma kupiga Krismasi, tukaona tusubiri hela ya mahindi.

Sasa, kusahau mie nasahau siku hizi, sikatai. Chumvi natia mara mbili. Nikitaka kumwita kitinda mimba naanzia kwa kaka yake mkubwa, nawapitia wote mpaka nimfikie, na wanacheka: mama anazeeka huyo. Mimi nacheka nao. Lakini chumvi ni chumvi. Mtu je?

Usiku ule nilijihoji sana. Nikakumbuka tulipotoka kumzika, wakubwa waliniambia nisilie sana, nina mwingine tumboni. Walinitakia mema. Nikanyamaza. Baba yao naye akanyamaza mpaka alipofariki mwaka 2009. Mgeni akiniuliza nina watoto wangapi nilikuwa nasema watano, maana ukisema sita utaulizwa wa sita yuko wapi, na ukishaeleza inabidi wewe ndiye umbembeleze aliyeuliza. Watano lilikuwa jibu jepesi. Nimelisema miaka mpaka likawa kweli. Kwa hiyo sikumsahau siku ile ya karani. Nilianza kumsahau mwenyewe, kwa hiari, kidogo kidogo. Uzee umekuja tu kunimalizia kazi.

Kulipokucha nikajifunga kanga nikatoka. Malori yalikuwa yamepanga foleni ya kwenda mpakani, madereva wananawa uso kwa maji ya madumu. Nikauliza nyumba hii, nyumba ile, mpaka nikamkuta karani wangu ameketi uani kwa watu.

"We mwanangu, jana nimekudanganya."

Akashtuka. "Mama, kuna mtu ulimficha?"

"Ndiyo."

Nilipomweleza akashusha pumzi. Akatafuta jina langu. "Wa kike au wa kiume?" Nikasema wa kike. Akabonyeza.

"Basi?"

"Basi, mama. Ameingia."

Nilitaka kumwambia habari za mabehewa, lakini hapakuwa na mahali pa kuzijaza.

Nikiwa njiani nikampigia mwanangu wa kwanza. Ni dereva wa lori, siku hiyo alikuwa kwenye foleni Kasumbalesa, anasubiri kuingia Kongo. Bibi alipofariki yeye alikuwa na miaka sita. Nikamuuliza kama anamkumbuka. Akakaa kimya, nasikia injini tu.

"Nane limeshapita," akasema. Kisha akasema: "Mama, mimi nilidhani wewe ndiye hutaki tumtaje."

Miaka 28! Mimi nanyamaza nisimuumize, yeye ananyamaza asiniumize.

Wale wadogo wanne hawakujua lolote. Tangu barabara ya kwenda Isongole iwekwe lami, ardhi huku imepanda bei, na mmoja wao alikuwa ameshaniambia tulikate shamba viwanja. Jumapili iliyofuata nikawapeleka. Wakati wa mahindi kaburi halionekani, lakini tulikuwa tumeshavuna. Tuta dogo, mawe manne. Kitinda mimba akasema hapo ndipo hukaa kupumzika wakati wa palizi. Nikamwambia hakukosea, umekaa na dada yako.

Yule wa viwanja alikuja na futi kamba mfukoni. Akasimama muda mrefu. Mwisho akaivuta, akapima kuanzia kwenye mawe, hatua kumi kila upande, akachomeka vijiti. "Hapa hapauzwi," akasema, kwa sauti ya mtu anayegombana, na hakuna aliyembishia.

Oktoba mwaka ule walitangaza jumla ya watu nchini: 61,741,120. Hao ni wenye kuhema. Bibi yuko kwenye hesabu nyingine, lakini yumo.

Sasa bibi ni mimi. Nina wajukuu saba, na wakiita "Bibi!" uani naitika, kisha wakati mwingine nageuka kutazama nyuma yangu. Wanadhani ni masikio.

Binti yangu ndiye anayesoma gazeti lenu, na ndiye aliyeniambia niandike, akanirekebishia na nukta. Nyie vijana mnaoandika, mnatafuta visa mbali. Muulizeni mama amezaa wangapi. Akijibu haraka sana, mpeni kiti akae, mwambie maharage yasubiri, kisha muulizeni tena.